Kufundisha familia kutambua habari za uzushi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wazazi, walezi na vijana ambao simu zao hupokea kila siku maonyo, dawa, picha za ajali na matokeo ya uchaguzi kutoka kwa ndugu zao wenyewe. Usome kwa mpangilio unaotaka. Jambo moja litajirudia katika karibu kila jibu: aliyekutumia ujumbe siye aliyeuandika.

Uzushi ni nini hasa, na una tofauti gani na kosa la kawaida?

Mwandishi wa habari akikosea idadi ya majeruhi kisha kesho yake akasahihisha, hilo ni kosa. Uzushi ni habari iliyotungwa na mtu anayejua fika kuwa si kweli, kwa sababu kuna kitu anakitafuta: kura, fedha, wafuasi, au ugomvi kati ya watu. Baina ya hao wawili tupo wengi, tunaopokea na kupeleka mbele kwa nia njema. Shangazi anayetuma onyo kwamba kuna maji ya chupa yenye sumu hajatunga uongo. Anawaonea uchungu watoto wa kaka yake. Ukimwita mwongo umemkosea, na yule aliyetunga ujumbe huko mwanzo hutakuwa umemgusa hata kidogo.

Kwa nini mkazo uwe kwenye familia badala ya shule au serikali?

Kwa sababu grupu la ukoo ni mahali ambapo hakuna mgeni anayeingia kusahihisha. Tangu Aprili 2016, ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo mtumaji na mpokeaji pekee ndio wanaousoma. Hilo ni jema kwa faragha yetu, lakini maana yake ni kwamba uzushi ukishaingia humo, watu pekee wanaoweza kuutoa ni wanandugu.

Isitoshe, ndani ya familia hatuna mazoea ya kudai ushahidi. Baba mkubwa akisema jambo, tunapima heshima yake, hatupimi jambo lenyewe. Watunzi wa uzushi wanalijua hili vizuri sana. Hawahitaji umwamini mtu usiyemjua. Wanahitaji tu ujumbe wao ufike kwako kwa mkono wa mtu unayempenda.

Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Je, habari ikitumwa na watu wengi si dalili kwamba ina ukweli?

Msemo huo ulikua mahali ambapo ungeweza kumfuata msemaji nyumbani kwake. Watu watano kijijini wakisema wameona moshi upande wa mtoni, ni watu watano wenye macho kumi. Ujumbe uleule ukifika kwako kutoka magrupu matano, neno kwa neno, hadi makosa ya tahajia ni yale yale, hapo kuna mwandishi mmoja na vidole vingi. Hakuna shahidi wa pili.

Uwingi wa watumaji hata unaweza kuwa dalili ya kinyume. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 70, wa kusambazwa upya kuliko za kweli, na waliozibeba walikuwa hasa wanadamu, si mitambo. Sababu moja waliyoiona ni kwamba uongo huleta jambo jipya na la kushtua, na ukweli mara nyingi haushtui.

WhatsApp yenyewe hukupa alama. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umekwishapita katika mazungumzo yasiyopungua matano tangu ulipoanza. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaruhusiwa kupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Wafundishe nyumbani kwako kuitafuta mishale hiyo kwanza. Haithibitishi kwamba habari ni ya uongo. Inathibitisha kwamba ndugu yako siye chanzo.

Haya si maneno tu? Madhara yake ni makubwa kiasi hicho?

Ni makubwa, na wasemaji wa Kiswahili tumeyaona karibu. Mlipuko wa Ebola ulipokuwa Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo. Zaidi ya robo waliamini Ebola haipo. Waliokuwa na imani hizo walikuwa wazito zaidi kukubali chanjo. Mlipuko ule ulidumu hadi Juni 2020 na ukaua watu 2,287. Katika utafiti huohuo, chini ya theluthi moja walisema wanaamini kwamba viongozi wa eneo lao wanawatakia mema. Kwa hiyo msiwadharau walioamini uvumi. Walikuwa wamepitia miaka mingi ya vita na mauaji bila kulindwa, na uvumi hukaa vizuri pale ambapo serikali haiaminiki.

Na kuna Rwanda. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, ikachezesha muziki mzuri, ikapendwa na vijana, huku ikiwaita Watutsi mende. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza, redio hiyo ilikuwa ikitaja watu na mahali walipojificha. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini wote watatu walibaki na hatia. Mfundishe mwanao dalili hii kabla ya nyingine zote: ujumbe wowote unaowaita watu wa kabila, dini au nchi fulani wadudu, nyoka au ugonjwa, haufai kupelekwa mbele hata kama kuna tukio la kweli ndani yake.

Mimi si mtaalamu wa mitandao. Nianzie wapi?

Anza na swali moja: imetoka wapi? Liulize kabla ya swali la ikiwa ni kweli. Swali la ukweli linaweza kukushinda, maana si kila mtu anajua udaktari au sheria za uchaguzi. Swali la chanzo linamwezekana hata mtoto wa darasa la tano.

Kisha toka nje ya ujumbe. Huu ndio ujuzi ambao watu wengi hawana, hata wasomi. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa tovuti za kukagua wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na wakaguzi wa habari. Katika matokeo ya 2017, wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki kwenye ukurasa wakiusoma kwa makini, wakavutwa na nembo na majina makubwa. Wakaguzi waliutazama kidogo tu, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Walimaliza haraka zaidi na wakapatia zaidi.

Nyumbani ni rahisi kufanya hivyo. Ujumbe ukisema waziri ametangaza likizo ya ghafla, usiusome mara ya tatu. Fungua ukurasa wa wizara, au tafuta maneno makuu matatu ya habari hiyo, uone kama chombo chochote cha habari unachokijua kimeiandika. Tangazo la likizo la nchi nzima haliwezi kujulikana na grupu la ukoo wenu peke yake.

Posta, yaani picha yenye maandishi ya habari, ikiwa na nembo ya gazeti, si inatosha?

Haitoshi. Nembo ya Mwananchi, ya Nation au ya BBC hunakiliwa kwa dakika chache, na kijana yeyote mwenye programu ya kutengeneza posta kwenye simu anaweza kuandika chini yake analotaka. Fungua akaunti ya chombo chenyewe, utafute posta hiyo hapo. Isipokuwepo, usiitume. Mara nyingi utaikuta imebandikwa na chombo hichohicho ikiwa imepigwa mhuri mwekundu kwamba si yao.

Picha na video nitazikaguaje kwa simu ya kawaida?

Picha nyingi za uzushi ni za kweli. Zimehamishwa tu: ajali ya miaka sita iliyopita katika nchi nyingine inaletwa kama ya leo asubuhi Morogoro. Kwa hiyo usijichoshe kutafuta kama picha imechezewa. Tafuta ilionekana wapi mara ya kwanza. Ukiwa na Google Lens, programu ya kutafuta kwa picha, bonyeza picha bila kuachia kidole, au piga skrinshoti uifungue humo. Itakuonyesha kurasa nyingine zenye picha hiyo. Kwa video, simamisha mahali penye mandhari ya wazi, piga skrinshoti, fanya vivyo hivyo.

Kama bando limekwisha, macho bado yanafanya kazi, na hapa ndipo watoto hufurahi sana. Magari yanapita upande gani? Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo ni kulia. Video ya vurugu inayodaiwa kuwa ya Mwanza, na magari yote yako kulia mwa barabara, si ya Mwanza. Isipokuwa kama imegeuzwa, na ikigeuzwa maandishi ya mabango yatasomeka kinyumenyume. Tazama kibandiko cha namba za gari, sare za polisi, lugha ya mabango, majina ya maduka, rangi ya daladala. Sikiliza lafudhi. Angalia hali ya hewa: kama leo Dodoma ni kiangazi kikali, hayo mafuriko ni ya lini? Mkae pamoja, kila mmoja ataje kitu kimoja alichokiona. Kwa maoni yangu, nusu saa ya zoezi hili inafundisha kuliko semina nzima ya maneno.

Na picha au sauti zilizotengenezwa kwa akili mnemba (AI)?

Ushauri wa kuhesabu vidole vya mtu kwenye picha, kuona kama vimezidi au vimepungua, umeshapitwa na wakati. Mitambo inarekebishwa kila mwezi. Msitegemee macho na masikio peke yake. Mwaka 2023, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia, ilisambazwa sauti bandia ya kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia, Michal Šimečka, akionekana kupanga kuiba kura. Ilitolewa wakati ambao vyama na vyombo vya habari vilitakiwa kukaa kimya, hivyo kuijibu kukawa kugumu. Kumbukeni ratiba hiyo. Sauti ya kushtua inayotokea usiku wa kuamkia kura isubiri.

Kwa familia, hatari iliyo karibu zaidi ni simu ya mtoto wenu akilia kwamba amekamatwa, au amepata ajali na daktari anataka fedha sasa hivi. Kubalianeni neno la siri ambalo mnalijua ninyi tu, na ambalo halijawahi kuandikwa kwenye grupu. Anayeomba fedha asipolijua, kata simu, mpigie mwenyewe kwa namba uliyonayo siku zote. Utapeli huu ni ndugu wa ule ujumbe wa zamani wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Walioko Tanzania wanaweza kuripoti namba ya tapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, hata kwa kiswaswadu.

Mjomba wangu ni mtu mzima na ndiye anayetuma uzushi mwingi. Nimrekebisheje bila kumvunjia heshima?

Usimjibu mbele ya grupu zima ikiwa unaweza kuepuka. Mtu akiaibishwa mbele ya wakwe na wajukuu atautetea ujumbe kwa sababu anajitetea mwenyewe. Mfuate pembeni. Anza na salamu kamili, si ya kukimbilia hoja. Kisha mshukuru kwa kuwajali, kwa sababu kweli anawajali, na uulize badala ya kuhukumu:

"Shikamoo mjomba. Asante kwa ule ujumbe wa dawa ya presha, najua unatuwazia. Nimejaribu kumtafuta huyo daktari aliyetajwa, sijamwona popote. Wewe uliupata kwa nani, nimuulize?"

Mara nyingi atajibu kwamba hata yeye alitumiwa tu. Hapo amekwisha kujifunza jambo kubwa bila wewe kumfundisha. Mwachie yeye mwenyewe aufute au aandike masahihisho kwenye grupu. Mkubwa akisahihisha, wadogo wanajifunza kwamba kusahihisha si aibu.

Hali hubadilika kama ujumbe unaweza kudhuru mtu leo. Mtu akiandika kwamba mgonjwa wa kisukari aache dawa za hospitali anywe mizizi fulani, jibu hapohapo kwenye grupu, kwa adabu, kwa sentensi mbili: "Shikamoo mjomba. Tafadhali bibi asiache dawa kabla ya kuonana na daktari wake." Heshima kwa mjomba haizidi uhai wa bibi.

Kuna familia ambazo humteua mwanandugu mmoja, mara nyingi binti aliye chuoni, awe wa kukagua kila kitu. Sipendi utaratibu huo. Unamchosha, na wengine wanaendelea kutuma bila kufikiri kwa kuwa yupo wa kusafisha.

Watoto waanze wakiwa na umri gani?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani, na ushahidi mzuri sana unatoka hapa jirani. Mwaka 2016, watafiti akiwemo Allen Nsangi walifanya jaribio katika shule za msingi 120 nchini Uganda, kwa watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha hadithi za picha na masomo ya kupima madai ya tiba kwa muhula mmoja. Katika mtihani wa mwisho, asilimia 69 ya watoto waliofundishwa walifaulu. Upande wa pili, asilimia 27. Baada ya mwaka mmoja ujuzi ulikuwa bado upo.

Walichofundishwa kinaweza kusemwa jikoni. Mtu mmoja kusema dawa ilimponya hakuthibitishi kwamba dawa inaponya, maana huenda angepona bila hiyo. Dawa kuwa ya zamani au ya asili hakuifanyi iwe salama. Anayeuza dawa ana sababu ya kuisifu. Na ili ujue kama kitu kinafanya kazi, lazima ulinganishe waliotumia na wasiotumia.

Daniel Semakula na wenzake wakawapa wazazi wa watoto wa shule za msingi vipindi vya kusikiliza, kwa Kiingereza na Kiganda. Asilimia 71 ya waliosikiliza walifaulu mtihani, dhidi ya 38 ya wasiosikiliza. Lakini baada ya mwaka mmoja faida kwa wazazi ilikuwa imefifia sana. Ninalisisitiza hili kwa kila mzazi: semina moja ya Jumamosi haitoshi kwa mtu mzima. Watoto walikuwa na muhula mzima, wakirudia kila wiki. Nanyi rudieni, dakika kumi kwa ujumbe mmoja uliofika wiki hiyo, na mtoto aruhusiwe kumuuliza baba yake imetoka wapi bila kuambiwa ana mdomo mrefu.

Kwenye grupu wanasema chanjo ya HPV inawafanya wasichana wasizae. Nianzeje?

Anza na wasiwasi wenyewe, kwa sababu ni wasiwasi wa mzazi. Swali linaloupa uvumi huu nguvu ni la haki: mbona wanachanjwa wasichana tu? Likikosa jibu, mtunzi wa uzushi huleta lake. Jibu ni kwamba kirusi cha HPV ndicho kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, ugonjwa unaoongoza miongoni mwa saratani za wanawake Tanzania, na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla binti hajakutana na kirusi hicho. Ndiyo maana umri ni mdogo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kisha linganisheni, kama watoto wa Uganda walivyofundishwa. Nchini Sweden watafiti walifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6, wakachapisha matokeo mwaka 2020: waliochanjwa kabla ya kufikisha miaka 17 walikuwa na hatari ya saratani hiyo iliyo chini kwa asilimia 88. Chanjo imetumika duniani tangu 2006, na uchunguzi wa usalama haujaonyesha kwamba inazuia kuzaa.

Na tena: kama uvumi umewafikia kwa ujumbe wa sauti wa nesi asiyejitaja jina, ulitoka wapi? Nesi wa kituo chenu ana jina na ana mlango. Nendeni mkamuulize, binti akiwepo.

Wakati wa uchaguzi tufanyeje?

Tafuteni hati yenyewe. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, iliweka mtandaoni fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, na mwananchi yeyote aliweza kufungua ya kituo chake. Vituo vya televisheni vilionyesha jumla tofauti kwa sababu kila kimoja kilianza kujumlisha fomu za maeneo tofauti, na tofauti hiyo ikageuzwa mitandaoni kuwa ushahidi wa wizi. Aliyefungua fomu aliweza kujionea. Pale ambapo hati hazijawekwa wazi, semeni tu kwamba bado hamjui, msubiri.

Je, naweza kushtakiwa kwa kusambaza?

Ndiyo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo na kwa nia mbaya. Sheria ya Kenya ya 2018 iliweka kifungo cha hadi miaka 10. Sheria hizi zimelalamikiwa sana kwamba zinaweza kutumika kuwanyamazisha wakosoaji, na malalamiko hayo yana uzito. Sitaki mtoto ajifunze kukagua habari kwa kuogopa polisi.

Sasa tusiamini chochote?

Hapana. Mtu asiyeamini chochote ni rahisi kumdanganya kama anayeamini kila kitu, kwa sababu hata akiletewa ushahidi ataukataa. Wapo viongozi wanaonufaika mkiamini kwamba kila chombo cha habari kinadanganya. Mpeni imani anayetaja jina lake, anayeonyesha alikopata habari, na anayesahihisha hadharani anapokosea.

Tukishindwa wenyewe, tupeleke wapi?

PesaCheck hukagua madai katika nchi za Afrika Mashariki na huandika pia kwa Kiswahili. Africa Check ina ofisi Nairobi. Tanzania kuna JamiiCheck ya JamiiForums na Nukta Fakti. Kabla ya kuwaandikia, tafuta kwenye kurasa zao, kwani uzushi mwingi ni wa zamani na umeshajibiwa. Ukiwaandikia, tuma ujumbe wenyewe kama ulivyoupokea, taja tarehe na lugha, na ufute namba na majina ya ndugu zako. Jibu likija, lirudishe kwenye grupu lilelile ambako uzushi ulipita.